Mguu wa Jakaranda

Jumanne, 9 Mei 1995

Kola za sare zimeisha, bado vifungo. Mvua tangu alfajiri. Nimeshona kutwa kwa mguu mmoja juu ya pedali, kiuno chaniuma. Matope ya kichochoroni yanameza magongo, kwa hiyo sijatoka. Mama mzazi ndiye anayewapelekea watu nguo zao.

Mzee Musyoka amekuja kuchukua suruali yake. Banda lake liko mkabala na mlango wetu, anachonga twiga na vifaru. Watalii wamepungua, twiga wamejaa vumbi. Ameyatazama magongo yangu, kisha akasema, "Mama Rukia, kama twiga mmoja namchongea miguu minne, nitashindwaje na mmoja wa mtu?"

Nimecheka. Baadaye nimelia. Tangu lori la mitumba linikanyage na mguu wa kushoto ukatwe, hakuna aliyenitania kuhusu mguu.

Alhamisi, 18 Mei

Kumbe hakuwa anatania. Ameleta mguu wa mti wa muhugu, umepigwa msasa hadi unang'aa. Vidole, kucha, vyote amechonga. Mzuri kuliko huu wa kulia niliozaliwa nao. Mzito kama kinu. Nimefika nao mlangoni tu, basi. Mzee amesikitika. Mimi sikusikitika. Nilisimama bila kushika kitu, japo kwa muda mfupi.

Jumamosi, 27 Mei

Mzee Musyoka amekwenda mtaa wa Kariobangi na kurudi na fundi wa kuchomelea vyuma. Anaitwa Odhiambo. Mikono imejaa makovu ya moto, mdomo haupumziki. Ameugeuza mguu wa muhugu, akacheka. "Mathe, huu ni wa kuweka kwa meza watu waangalie."

Shauri lake: mti ubaki juu tu, pale pa kuingizia kigutu, kipande kilichobaki chini ya goti. Chini bomba la baiskeli. Unyayo wa tairi, kama viatu vya akala. Wamechora kwa mkaa kwenye sakafu yangu, wakabishana, wakafuta, wakachora tena. Kisha wamenipima kwa uzi juu ya leso, macho yao yakiwa ukutani.

Nimeshona soksi ya kuvisha kigutu, kutoka kwa mkono wa sweta kuukuu. Sitaki kukaa tu nikitengenezewa.

Jumatatu, 5 Juni

Mwepesi! Nimekwenda dukani na kurudi. Wanawake wa ploti wamenipigia vigelegele. Binti yangu Rukia ametembea mbele yangu akitangaza, "Mama yangu huyo!"

Kunauma kwenye ncha ya kigutu. Nitazoea.

Jumatano, 14 Juni

Nimeanguka kando ya mtaro. Soksi imelowa damu. Mama hakutaka maneno, amenipeleka hospitali.

Njeri, anayenifanyisha mazoezi ya viungo tangu nikatwe, amekasirika sana. Uzito wote ulikaa kwenye ncha ya kigutu, na ncha haiwezi kubeba. Kidonda kikiingia ndani, goti nalo litakwenda. Ameniambia nisiuvae tena. Kisha akauliza nani ameutengeneza. Nikamwambia, nikingoja awatukane.

"Mbona hawakuniita?" Ndilo neno alilosema.

Goti. Siwezi kufikiria kitu kingine.

Ijumaa, 16 Juni

Mafundi wangu wamegombana mbele ya banda, mtaa mzima ukisikia. Musyoka anasema bomba ni gumu, halina huruma. Odhiambo anasema tundu la mti ni baya, limechongwa na mtu wa vifaru. Odhiambo amebeba bomba lake, ameondoka. Musyoka amerudi kwa vifaru wake.

Nina hasira nao wote wawili. Nina hasira na mimi pia, niliyenyamaza kulipouma. Lakini wangejuaje? Wamechonga tundu la kitu ambacho hawajakiona hata siku moja.

Jumapili, 18 Juni

Nimewaita wote. Njeri amefika kutoka kanisani. Odhiambo amekuja amenuna, Musyoka amekaa upande wa pili wa chumba.

Mama alikuwa amekataa tangu asubuhi. Kwamba mwanawe avue mbele ya wanaume, na Waislamu wa hapa Majengo watasema nini. Nikamjibu, "Mama, walioukata walikuwa wanaume." Akaenda ndani, akarudi na leso mpya, akanifunika hadi gotini, akaketi ubavuni kwangu. Hapo nikafungua kitambaa.

Musyoka alivua kofia. Akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kugusa. Nikatikisa kichwa kukubali. Njeri akamshika kidole na kumwongoza: hapa chini ya kifupa cha goti pabebe uzito. Hapa pembeni pia. Hapa kwenye ncha pasiguswe na kitu.

Odhiambo alisogeza kigoda. "Na hapa, mathe? Unasikiaje?"

Nilijibu kila swali. Aibu ilikuwepo, nisiseme uongo. Mama alinishika mkono. Ila walikuwa wameanza kubishana tena, watatu sasa, na nikaona heri ubishi huu kuliko kuachana kwa juzi.

Jumanne, 27 Juni

Kidonda kimefunga. Njeri amekuja na plasta ya kufungia mifupa, amekizungushia kigutu, ikakauka, akaivua. Ndani ya ganda hilo wamemimina plasta nyingine. Sasa mfano wa kigutu changu uko mezani kwa Musyoka, mweupe, na anachonga kwa kuufuata. Safari hii jakaranda, mti mwepesi.

Tundu la kwanza limepasuka. Ameanza upya, na Odhiambo hakumcheka, alimshikia gogo. Bomba lake jipya linapandishwa na kushushwa kwa skrubu. Mkanda wa kuufungia mguu ni kazi yangu: turubai, nyuzi mbili mbili.

Jumamosi, 8 Julai

Nimetembea hadi soko la Gikomba na kurudi. Vifungo nimechagua mwenyewe! Njeri amekagua ngozi: nyekundu kidogo pale tu panapotakiwa. Damu hakuna. Odhiambo amepiga mluzi mpaka mbwa wakabweka. Musyoka amejifuta macho, akasingizia vumbi la mbao.

Jioni dereva mmoja wa Mathare, mguu wa suruali ukiwa umekunjwa na kubanwa kwa pini, alisimama nje ya banda. Aliuliza kama hapa ndipo panapotengenezwa miguu. Tulitazamana. Nilimjibu mimi: ndipo.

Jumapili, 23 Julai

Baridi, na mawingu yamelala juu ya mabati. Nguo za wateja zangoja. Zingoje.

Mguu wa dereva ni taabu, amekatwa juu ya goti, na hakuna anayejua goti la chuma lijikunjeje bila kumwangusha. Njeri ameleta daktari wa hospitalini kwake. Odhiambo ameleta bawaba za mlango. Dereva mwenyewe anabisha kuliko wote.

Nimechemsha chai ya tangawizi, nikaipeleka bandani kwa sinia, mikono yote miwili. Nimevuka kichochoro. Haikumwagika hata tone. Walichukua vikombe bila kunitazama, wakaendelea kubishana. Nimeweka sinia chini, nikavuta kigoda, nikawaambia ule mkanda wao hautashika.