Mteso wa Kuvimba Kichwa

Amagoro, Jumatano

Mimi na mdomo wangu. Tangu tutoke Mombasa, siku tatu sasa, kazi ni kuwaambia wenzangu wa safari, Wanjiru na Otieno, "Tukikaribia Malaba niachieni mimi, huko ni kwetu sisi Wateso." Wakaanza kuniita Mteso, nami nikavimba kichwa.

Leo tumesimama sokoni hapa kununua njugu. Mama muuzaji akaniangalia, akatabasamu. "Yoga!"

Nikamjibu kwa sauti, mbele ya watu, "Hapana mama, mimi huinua vyuma tu."

Wanjiru, mtu wa Nyeri, akanipita mbele. "Yoga noi, mama." Kumbe ni salamu ya Kiteso. Alifundishwa na msichana waliyeishi naye chumba kimoja chuoni. Mimi nimezaliwa na Mteso.

"Na huyu mmemtoa wapi?" mama akauliza.

"Huyu ndiye mwenyeji wetu," Otieno akasema, akashikilia gari asianguke kwa kucheka.

Kesho, kabla ya kuvuka mpaka wa Malaba, tunapitia Adungosi kwa nyanya, mama yake baba. Kiswahili hajui. Nimejifungia bafuni hapa gesti najifunza neno moja mbele ya kioo, kama mtoto wa nasari, na bado naogopa.

Lakini si kicheko chao kinachoniuma. Nyanya akipiga simu huanza na neno hilo hilo. Miaka yote nilidhani ni mtandao unakatika. Namwambia, "Haloo? Haloo? Sikusikii, ngoja nimpe baba simu."