Gari la Wagonjwa Limetupandishia Thamani ya Kampuni, Mbona Naona Aibu?

Mpendwa Shangazi Siwema, shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo wenzangu hunicheka nikilisema, maana si la msiba, ni la neema. Mimi na kaka yangu Hermenegildi tuna kampuni ya kukoboa mpunga na kufungasha mchele hapa Ifakara, na kila masika, barabara ya Mofu ikiharibika magari madogo yakashindwa kupita, fuso letu la kubebea mpunga huwachukua wagonjwa na wajawazito bure mpaka hospitali, mimi ndiye niliyeanzisha, na kaka amenung'unika miaka yote kwamba tunachoma dizeli ya kampuni kwa kutafuta sifa za kanisani.

Mwaka huu ikaja kampuni kubwa ya Dar es Salaam inayotaka kununua hisa kwetu, kaka akataka tuache kubeba wagonjwa hadi wathamini waliotumwa kukadiria bei ya kampuni yetu waondoke ili hesabu zionekane nzuri, nikakataa, tukanuniana, na wale wathamini wakaenda wenyewe Mofu kuwauliza wakulima kwa nini wanatuletea mpunga sisi wakati kuna mashine karibu nao inayotoa bei nzuri kuliko yetu. Mama mmoja, Justa, ambaye fuso lilimwahisha hospitali akajifungua salama, akawajibu, "Hawa walinibeba maji yakiwa yamejaa. Mpunga wangu niupeleke kwa nani mwingine?" Na wengine wakasema hivyo hivyo, basi wathamini wakarudi wakatuambia wakulima wasiotuhama wana thamani kubwa kuliko mashine zetu zote, na kaka aliposikia bei waliyotaja alivuta kiti akakaa.

Sasa amegeuka, anataka picha ya Justa na mwanawe ichapwe kwenye viroba vyote vya mchele, Justa amekubali lakini alikuwa anatazama chini, nami nina furaha Shangazi, sikatai, ila moyo unaniuliza, nilikuwa natenda wema au nafanya biashara?

Dativa, Ifakara

Marahaba, Dativa. Mwanangu, umeshiba halafu unalalamika mkanda unabana. Ulipoanza kubeba wagonjwa hukujua kama kuna mthamini atakuja, ulijua kuna mtu anaumwa. Wema ukilipa haugeuki kuwa dhambi, kwa hiyo aibu hiyo iache. Na kaka yako usimsimange, alilinda kampuni kwa alichokijua, sasa amejua zaidi.

Ila kwa hili nakugombeza: umemwona mwanamke anatazama chini, ukaniandikia mimi badala ya kwenda kwake. Mtu uliyembeba akiwa na uchungu atakukatalia vipi? Hapo amelipa fadhila tu, hajaridhia. Nenda Mofu bila kaka yako, mwambie picha haitachapwa. Sifa za fuso watu watazisema wenyewe, kama walivyowaambia wathamini.

Na jambo kubwa kuliko yote hukuliuliza. Hao wageni wananunua imani ya watu wa Mofu, lakini kesho wanaweza kuiona dizeli hiyo ni hasara, kama kaka yako alivyoiona. Kabla ya kusaini, mwanasheria wenu aandike ndani ya mkataba kwamba kila masika gari litabeba wagonjwa bure. Wakikubali, pokea bei yao kwa mikono miwili, ulale usingizi. Wakikataa, waage kwa heshima, usisaini. Siku fuso litakapompita mgonjwa barabarani, wakulima watapeleka mpunga kwingine, na nyinyi mtabaki na mashine zisizo na cha kukoboa.