Mnyororo Alioukataa Baba

Kwa Shangazi,
Nyuma ya Soko,
Mji Mkuu.
9 Machi, 1938.

Mpendwa Kaka,

U hali gani, na kile kifua kimepona? Wifi na watoto hawajambo? Sisi miili mizima; roho ndizo zinazofuka moshi.

Usishtuke kuona anwani nyingine. Nyumba yetu haipo tena.

Tangu serikali ihamishie makao yake hapa, mji unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Mwezi wa kwanza karani wa manispaa alibandika tangazo: barabara pana itapita mtaani kwetu, kwenda kwenye nyumba mpya za Wazungu. Tuhame ndani ya siku thelathini.

Nilifuatana na Baba ofisini. Bwana Mpimaji akatandaza ramani. Mtaa wetu ni peupe, pameandikwa "eneo tupu". Kwa hiyo, karani akatufasiria, hakuna wa kulipwa fidia. Kaka, miaka ishirini na miwili Baba amewashikia watu hawa mnyororo wa kupimia, leo hayupo?

Baba hakupandisha sauti. Alisema tu, "Siku mlipopima pale, chakula cha mchana mlikula kwangu."

Bwana akakunja ramani yake.

Siku thelathini zilipokwisha, kikosi cha Baba ndicho kilichopelekwa kupima barabara hiyo. Walipofika kwetu akaamriwa apitishe mnyororo mlangoni. Akauweka chini. Akafukuzwa papo hapo. Akaitwa mwenzake, yule Kipara. Mgongo ukamkaza ghafla. Wa tatu, mkono umevimba. Ugonjwa ukaenea hadi kwa dereva. Nilicheka huku nalia.

Kesho yake wakaja askari, wakabomoa, na mnyororo wakaushika wenyewe. Mama aliokoa mlango tu. Tumeuegemeza hapa ukutani.

Lakini askari hawajui kupima. Barabara imepinda kama mkia wa mbwa, na wiki iliyopita Bwana alimtuma tarishi kumwita Baba akainyooshe. Baba alikuwa anakula. Akamwomba tarishi asubiri amalize. Akamaliza, akanawa, akamwaga maji, akaingia ndani kulala.

Tarishi alingoja mpaka alasiri.

Mama, Baba na Shangazi wanakusalimu sana. Mbusu mwanao wa mwisho kwa niaba yangu. Mungu akuzungushie ukuta asioweza mtu kuubomoa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Fundi Cherehani