Kitambaa Kilichobaki Ndani ya Mshono

Jumatatu, 4 Juni 1956

Baridi. Makala, makaa ya pasi, yamekataa kushika moto mpaka saa mbili. Pasi ikachelewa, nami nikachelewa. Blauzi mbili za mke wa karani, moja bado haina kola.

Saa nne baa ya jirani wakafungua gramofoni. Santuri mpya. Gitaa la Évariste nalijua hata nikiwa usingizini. Nikafurahi. Kisha akaanza kuimba, na ule wimbo ni wangu. Wangu kabisa, kuanzia mkono mpaka kiuno.

Évariste ni mdogo wa mume wangu. Kila Jumapili anakula bukari, ugali wetu, kwangu na anaomba sombe, mboga ya majani ya muhogo, mara ya pili. Hakuniambia kitu.

Nikaenda baa mwenyewe, sindano bado zimechomekwa kifuani mwangu, nikasoma karatasi nyekundu ya katikati ya santuri. Jina lake. Jina lake peke yake. Nikarudi nikashona vifungo vitatu upande usio wao. Nimevifumua vyote. Nina hasira.

Jumanne, 5 Juni

Mume wangu Donatien alirudi kutoka tanuri za shaba, amechoka, macho mekundu. Sikumngoja hata avue viatu. Nikamwambia. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema neno lililonichoma:

"Mama Marceline, ile iko nyimbo ya ndoa. Nyimbo ya ndoa iko ya bantu yote."

Ya watu wote! Basi hapo ndipo kosa lilipo. Mimi ni mshonaji. Bibi arusi akija kupimwa, anakuja na mama zake wadogo na shangazi zake, na chumba kinataka wimbo. Kwa hiyo namtungia. Kila bibi arusi na wake. Siku ya ndoa wanawake wanauimba, wengine wanaudaka, kesho yake unapigwa kwenye baa za mtaa wa Kamalondo, na mtu hakumbuki tena umetoka wapi. Mimi mwenyewe sikuwahi kusema. Nilidhani watu wanajua.

Wimbo huu nilimtungia Véronique alipoolewa, miaka miwili iliyopita. Beti nne: mkono, kola, kiuno, mshono. Shajara hii nilikuwa bado sijaianza. Pole yangu.

Nimetia chumvi nyingi kwenye sombe. Sikukusudia. Au nilikusudia.

Alhamisi, 7 Juni

Nimekwenda mjini kununua uzi. Uongo. Uzi ninao. Nimekwenda kwa Bwana Andrea.

Bwana Andrea ni Mgiriki, mzee, anauza baiskeli na sufuria na santuri. Siku hizi ana kazi nyingine, ameibandika hata mlangoni: éditeur wa nyimbo, yaani mchapishaji. Nilimkuta anaandika maneno ya wimbo wangu kwenye karatasi, santuri inazunguka, anaisimamisha, anaandika, anaizungusha tena. Anataka kuyachapisha kwenye kijitabu. Na kuna karatasi nyingine ya kuandikisha wimbo, inakwenda Ulaya kwa posta ya Jumamosi mchana. Juu yake kuna nafasi ya jina la mtunzi. Ilikuwa bado tupu, ila nilijua jina gani linakuja kukaa hapo.

Nilikuwa nimepanga kuongea kwa heshima. Nikaropoka tu: Bwana, beti ni nne, wewe unazo tatu.

Akashusha kalamu. Akasema imba. Nikaimba ubeti wa nne katikati ya baiskeli, wateja wawili wananitazama:

*Mshonaji, bakiza kitambaa ndani,*
*mwili wa leo si mwili wa kesho,*
*bakiza, nyumba itakua.*

Kwenye santuri haumo, labda nafasi iliisha. Bwana Andrea akavua miwani. "Nani alitunga?" Nikasema mimi. Hakucheka. Ningemchukia kama angecheka.

Akanieleza kazi yake. Mwenye santuri, yule aliyeirekodi, anauza sauti, basi. Yeye analinda wimbo wenyewe, popote utakapoimbwa, na yeyote atakayeuimba, hata kama mtunzi hajui kushika gitaa. Lakini lazima kwanza amjue mwenye wimbo. "Nikikosa jina hapa, nimekosa mpaka kule. Leta kitu, mama. Jumamosi, mbele ya posta kwenda, na Évariste iko hapa." Kiswahili chake kina mashimo, lakini nilimwelewa: Jumamosi, kabla posta haijaondoka, Évariste akiwapo.

Nimerudi nyumbani Ruashi kwa miguu njia yote. Sikusikia vumbi wala baridi.

Ijumaa, 8 Juni

Daftari la vipimo. Nyimbo zangu zote nimeandika humo, pembeni mwa vifua na viuno vya watu. La mwaka ule wa ndoa ya Véronique sikuliona. Nimefungua sanduku, nimeinua godoro, nimehamisha gunia la makala. Hakuna.

Mchana nikaliona jikoni, karibu na babula, jiko letu la makala. Jalada hakuna. Kurasa za mwanzo hakuna. Donatien amekuwa akiwashia moto asubuhi, wiki nzima, anasema alidhani ni daftari la zamani lisilo na kazi. Nimekaa chini nikalia. Sikulia kwa heshima. Nimelia kwa kelele.

Donatien akapiga magoti na kugeuza kurasa zilizobaki, moja moja, kwa vidole vyake vya tanuri. Akapata. Véronique. Ukurasa umeungua pembe tu. Akaupangusa jivu, akaniwekea magotini. Nimemsamehe nusu.

Ila hauna tarehe. Mimi siandiki tarehe kwenye vipimo. Mjinga mimi! Bwana Andrea atasema ningeweza kuuandika jana. Jioni nimekwenda kwa Véronique kumwomba aje. Amecheka sana, sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeshinda. Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Sasa kwa utaratibu. Saa tatu dukani. Évariste amekuja na gitaa, nywele zimechanwa njia katikati, hanitazami. Donatien amekuja pia, ametoka zamu ya usiku bila kulala. Bwana Andrea akasoma ukurasa, akaugeuza, akaunusa hata. Kisha akasema lile nililoliogopa, kwamba wino hauna umri.

Hapo Véronique akaingia. Amevaa gauni lake la ndoa! Lile lile. Watoto wawili wamepita tangu siku ile, na mgongoni vifungo havikutani, amefunga kwa pini na kwa kitenge cha dada yake. Anatembea pole pole ili lisipasuke. Duka zima likasimama.

Akasema, "Pimeni. Pimeni mbele ya bantu."

Nikapima gauni. Mkono, sawa na ukurasa. Kola, sawa. Kiuno, sitini na nne, sawa. Kisha Véronique akadai apimwe mwenyewe. Tisini na moja. Akapiga makofi kwa furaha: "Ile kiuno ingine ilibakia ku kanisa!" Hata Évariste akacheka.

Lakini Bwana Andrea hakucheka, alikuwa amerudi kwenye ukurasa. Ameona jambo ambalo mimi mwenyewe sijawahi kuliona. Mstari wa wimbo unaanza, unakatika, kuna namba ya mkono, kisha mstari unaendelea upande wa pili wa namba. Ndivyo nilivyofanya kazi siku ile, naimba, napima, naandika, naimba. Maneno na vipimo vimeingiliana. Vimeandikwa siku moja. Na mtu hawezi kumpima Véronique sitini na nne jana.

Akauliza kuhusu ubeti wa nne. Nikapiga magoti, nikageuza mshono wa ubavuni wa gauni, nikamwonyesha. Kitambaa kimekunjwa ndani, upana wa vidole vinne, kila upande wa mshono. Niliimba kitu nilichokuwa nakishona.

Évariste akakaa juu ya kreti. Hakuwa mwizi, na hilo lilinitoa hasira kuliko nilivyotaka. Alisema, akiniita dada mkubwa kama siku zote, "Yaya, mi nilisikiaka ku ndoa, ba mama bote balikuwa banaimba. Nilizani iko ya bote." Bwana Andrea akamjibu kwamba wote waliimba, mmoja alitunga.

Kisha akaandika. Maneno: mimi. Mahadhi: mimi. Mpiga gitaa: Évariste. Hakuniruhusu kutia sahihi mpaka amenisomea kila mstari na kunieleza, hata zile herufi ndogo za chini. Akaniambia pia kwamba karatasi nyekundu ya santuri itachapishwa upya, atamsumbua mwenye santuri mpaka akubali. Nilitia sahihi, jina zima. Saa tano na nusu bahasha ilikuwa posta, nimeitazama ikiingia kwa macho yangu.

Mlangoni mwa duka Bwana Andrea akaniita. Akauliza kama ninazo nyimbo nyingine. Nikampa daftari lote lililobaki. Akasema kuanzia leo nisiwashie moto kitu chochote. Donatien akatazama viatu vyake.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya misa. Jua dogo. Kijitabu kimefika jana, jina langu lipo juu ya maneno, herufi zote sawa. Nimekiweka ndani ya sanduku la uzi, nimekitoa, nimekirudisha.

Gauni la Véronique liko mezani. Nimefumua mishono ya ubavuni. Kitambaa nilichobakiza kimetoka cheupe kuliko kingine, hakijaona jua miaka miwili. Kimetosha mpaka tisini. Kilichopungua ni kidogo, nimeongeza utepe.

Évariste amekula, ameomba sombe mara ya pili. Ameketi kizingitini na gitaa, anauliza ubeti wa nne unaanzia wapi. Nimemwimbia. Bado anaukosea.

Donatien amenunua daftari jipya. Nimempima Évariste koti, kifua, mabega, mkono. Juu ya ukurasa nimeandika tarehe ya leo, na jina langu.