Taa ya Alhamisi

Jumatatu, 5 Mei

Treya arobaini na mbili za mayai zimetoka kabla ya saa nne. Umoja, Donholm, Buruburu. Yai moja limepasuka, tena mkononi mwa mwenye duka. Gari limekwenda kilomita kumi na tatu kwa lita. Taa ya injini kimya. Fundi aliizima jana na siku zangu haiwaki.

Nusu ya gari ni yangu, nusu ni ya Mama Achi wa nyumba ya chini. Mimi Jumatatu hadi Jumatano na mayai, yeye Alhamisi hadi Jumamosi na samaki. Kila Jumatatu naanza kwa kufungua madirisha yote manne.

Alhamisi, 8 Mei

Imewaka tena. Mama Achi amepiga simu kutoka Njiru: injini inakohoa, gari linaruka kama mbuzi. Alhamisi ya tatu mfululizo.

Nimechoka. Gari ni la zamani, sawa. Lakini uzee haujui siku za wiki.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Achi amemaliza mzunguko mapema, tumeenda kwa fundi Kioko. Kimashine chake kinasema vilevile: silinda ya tatu inakosa moto. Wiki jana alibadilisha plagi. Leo amehamisha koili, vile vifaa vinavyopeleka moto kwenye plagi: ya silinda ya tatu akaiweka kwenye ya kwanza, ya kwanza kwenye ya tatu. Kosa likihama, koili ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, atafute kwingine.

Nimependa akili hiyo. Nikamvuta pembeni nikamuuliza kama dereva anaweza kuwa ndiye kosa.

"Mathe, hiki kimashine hakisomi watu."

Jumapili, 11 Mei

Tumegombana uani baada ya kanisa. Watoto wamesikia.

Nilimwekea hesabu mezani. Siku zangu tisa, taa sufuri. Siku zake tisa, taa imewaka wiki zote tatu. Akasema ni mvua na barabara. Nikamwambia mvua inanyesha Buruburu pia. Nikamwambia anunue nusu yangu, au tuuze, kila mtu ashike njia yake. Hapo nilikuwa nimeshapandisha sauti.

Yeye hakupandisha. "Mama Shiro, unaongea na mimi kama mtu aliyekurudishia chenji pungufu."

Kisha akasema koili zimebadilishana, na sisi tubadilishane. Wiki hii yeye mayai, mimi samaki. Na kama taa itabaki kwake, atatafuta mnunuzi mwenyewe. Hakusema atafanya nini ikija kwangu.

Nimekubali. Nina hakika.

Jumatano, 14 Mei

Siku tatu nyumbani nikingoja habari mbaya. Hakuna yai lililopasuka. Taa haijawaka. Amepata na mteja mpya Donholm, mwenye kibanda cha soseji za smokie na mayai ya kuchemsha.

Nimejiambia anaendesha kwa adabu kwa kuwa anajua anapimwa.

Alhamisi, 15 Mei

Sokoni Gikomba saa kumi na moja alfajiri, kuchukua samaki. Masanduku ya barafu hayana pa kushika. Vidole vimekufa ganzi hadi Pumwani. Huko mteja mmoja akaniuliza mwenzangu yuko wapi, maana yeye hupima samaki kwa jicho na mimi napima kama nesi wa kliniki.

Kisha Njiru. Ukiacha lami kuna dimbwi linaloziba njia yote, na wateja wako ng'ambo, wamesimama na makarai. Hakuna njia nyingine. Nimeuliza. Kijana wa bodaboda akanielekeza: "Shika kushoto, gia ya kwanza, polepole. Mama Achi hupita hivyo."

Nikapita hivyo. Polepole kuliko gari la maiti. Nimetoka upande wa pili, injini ikakohoa, taa ikapepesa, ikatulia imewaka.

Mikononi mwangu.

Nilizima gari nikakaa. Wateja wakaja wenyewe na makarai yao. Niliona aibu. Na chini ya aibu, hasira kwamba sina tena wa kumkasirikia.

Sijampigia Mama Achi simu.

Ijumaa, 16 Mei

Kioko amesoma: bado silinda ya tatu, ingawa ina koili nyingine. Koili haina hatia. Akavua shati, akaingia chini ya gari na tochi.

Kava ya chini ya injini haipo. Ile ya plastiki inayozuia maji. Kila dimbwi linarushwa juu, na waya wa koili ya tatu umepasuka ngozi. Ukilowa, moto unapotea. Ukikauka, unarudi. Lami ya Buruburu haina maji ya kutosha kuufikia.

Nikauliza kava imetoka lini. Akaniangazia matundu ya bolti. Kutu tupu, ya miaka. Ilitoka kabla yetu. Siku ya kununua mimi nilikagua matairi na kilomita, Mama Achi akakagua viti na buti. Hakuna aliyeinama.

Kioko amefunga waya mpya na kava ya mtumba. Nimelirudisha gari kwenye dimbwi lile, mara mbili. Halikukohoa.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Achi ametuma ujumbe. Hajui habari za dimbwi. Anajua tu nilisema tuuze, na hakungoja matokeo ya kubadilishana. Amepata mnunuzi, mtu wa kanisani kwao. Anakuja kesho saa nane.

Nimeandika jibu mara nne nikafuta. Nilianza na mkokoteni, treya sita, bila mjomba wala mfadhili. Kilichonifikisha hapa ni kuhesabu kila kitu na kutomwamini mtu. Kuomba radhi sikuwahi kujifunza. Sijui mtu huanzia wapi.

Jumapili, 18 Mei

Mnunuzi amezunguka gari, amelisikiliza, amekanyaga mafuta. Linavuma kama jipya. Akataja bei nzuri, nzuri kuliko nilivyotarajia. Nusu yake ingenipa kagari kadogo, kangu peke yangu, kasikonuka kitu.

 Mama Achi alikuwa ananitazama mimi. Neno la kuuza lilitoka kwangu.

Nikasema haliuzwi.

"Sasa mliniitia nini?"

"Nilisema kwa hasira," nikamwambia. "Na hasira yenyewe haikuwa na haki." Nilikuwa naongea na yeye lakini macho nimemwekea Mama Achi.

Mama Achi akasogeza sahani ya chapati alizompikia mgeni. "Ungesema asubuhi, hizi chapati angekula Achi."

Mnunuzi alikula, tatu, kwa hasira.

Alipoondoka nikamweleza Mama Achi: dimbwi, waya, kava. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Barabara nilikuambia." Nikajibu ndiyo, uliniambia. Akaniambia vidole nivipake mafuta ya nazi kabla ya kushika barafu. Basi. Hakusema amenisamehe na sikuuliza.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Siku ya samaki. Nimesikia Mama Achi akiwasha gari, akirudi nyuma, geti likifungwa.

Nimevuta blanketi. Nimelala hadi saa mbili.