Filamu ya Shemeji bila sauti ya Baba Neema

Hagsätra, Stockholm, Jumamosi, Novemba 2009. Mvua na theluji vinagombana huko nje. Saa tisa alasiri tu na taa tumeshawasha.

Leo nimelia mbele ya filamu ya kutisha, na si kwa woga.

Neema wangu, miaka kumi na saba, anasomea mambo ya filamu. Mwalimu wake aliniambia kwa mdomo wake kwamba mtoto huyu ana jicho. Mimi nilijua tangu tumboni. Basi wamepewa kazi ya kuandika juu ya filamu ya zamani ya kutisha, zile zilizotengenezwa kwa hela ya mboga. Akaleta diski ya maktaba. Kuangalia jalada: nyumba ya shambani, mnyama wa manyoya. Nikapiga kelele, "Jamani, Shemeji!"

"Mamma, lugn," akaniambia. Eti nitulie. Mimi?

Tukaanza kuangalia. Ni ileile: nyeusi na nyeupe, nyumba moja, watu watano, mnyama mwenye zipu inayoonekana mgongoni. Neema anapiga miayo. Mimi ndiye niliyekosa raha. Kimya kilikuwa kingi mno. Na yule dada wa kwenye filamu wanamwita Margareti!

"Hii wameikata," nikasema. "Wamemtoa mtu."

"Vem?" Nani huyo.

"Baba yako."

Niandike vizuri, maana si wote mnaonisoma mlikulia Uvira, kule Kongo. Kwenye banda la video kwetu filamu zilikuja kwa Kiingereza, na sisi hatukujua hata neno. Kwa hiyo kijana mmoja alikaa mbele na maikrofoni, akitusimulia kwa Kiswahili. Huyo ndiye Baba Neema. Kiingereza na yeye hakukijua sana, lakini nani angemkamata? Mnyama alimwita Shemeji, amekuja kutembea na hataki kurudi kwao. "Shemeji huyooo! Ficheni kuku!" Tunacheka, halafu mlango unalia kwiii, tunarukiana mapajani.

Sijaona filamu nzuri kama ile mpaka leo. Na hapa Stockholm nimeona nyingi.

Baba Neema alifariki mtoto akiwa bado mgongoni mwangu. Mtoto ana picha yake moja. Sauti hana.

Neema akachukua rimoti, akazima sauti. "Mama, fanya kama yeye." Kwa Kiswahili! Mtoto ambaye hata chumvi ananiomba kwa Kiswidi.

Nikasimama na mwiko mkononi badala ya maikrofoni, nikaishusha sauti mpaka kifuani. Msinione hivi, naweza. "Shemeji, hapa si kwenu! Hata viatu hujavua!" Neema akacheka mpaka akateleza kwenye kochi, akaja kukaa miguuni pangu.

Dada akagusa komeo. "Riziki, usifungue!"

"Riziki si ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa benchi la tatu. Banda zima likageuka kuniangalia."

Mwishoni kijana wa filamu ameshika taa, midomo inacheza, kwa Kiingereza sijui anasema nini. Baba Neema alisema: "Riziki, Jumapili nakuja kwenu na wajomba zangu. Mama yako apike, ila Shemeji asiambiwe."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nijibu saa ngapi? Yule dada wa kizungu aliitikia kwa kichwa, watu wakapiga makofi, basi nikawa nimeposwa."

Neema akairudisha nyuma. Dada akaitikia. Akairudisha tena.

Hapo ndipo nilipolia.

Kesho baada ya ibada tutarekodi sauti yangu, filamu yote, mwanzo mpaka mwisho, maana hata mimi sitadumu. Kuna kipande kimoja tu, Shemeji anazunguka ghala peke yake, ambacho sikumbuki kabisa Baba Neema alisema nini. Neema anasema nitunge.

Sitaki. Pale nitanyamaza. Labda alikuwa anakunywa maji.