Kamongo Waliokufa Maji

Sio Port,
Jumapili, baada ya ibada.

Shemeji yangu mpendwa Nabwire,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Hujambo huko uliko? Sijui kama mtu aliyetangulia huulizwa afya yake, lakini nakuuliza tu, maana wewe ndiye uliyetuandikia barua zote za nyumba hii, na kila nilipotaka uanze na shida yangu ulinikatalia. "Msalimie mtu kwanza, shemeji, yeye si duka." Haya, nimekusalimu. Sisi tu wazima. Mume wako, ndugu yangu Wandera, amerudi kabisa kutoka kazini Uganda. Kifua chake kimetulia na sasa anaimba tena kanisani, vibaya vilevile kama zamani. Binti yenu Taaka amenipita kwa urefu, siku hizi ananitazama utosini. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mtama umekubali.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo uvumilie. Darasa langu la tatu unalijua. Ningeweza kumwomba Taaka aandike, lakini haya ni yangu mimi na wewe.

Nabwire, hukuwaua wale kamongo. Sasa najua. Walikufa maji.

Nakuona ukicheka. Samaki afe maji! Nami nilicheka. Lakini ngoja nikueleze yote kwa utaratibu, tena nianze pale nilipokukosea, maana nikianza kwingine nitajificha.

Unaukumbuka mwaka ule wa mvua kubwa, kabla ya Uhuru, ziwa lilipopanda likala mihogo yetu ya chini yote. Mwaka uleule Wandera alivuka kwenda kutafuta kazi, nawe ukaanza kukata mafunjo ya mikeka pale karibu na migono yetu ya kutegea samaki. Na mwaka uleule kamongo wakaanza kufa ndani ya migono. Zamani tulikuwa tukiwakuta asubuhi wazima, wakali, mpaka uwapige rungu ndipo uingize mkono. Sasa tukawa tunatoa samaki aliyevimba, nyama imelegea, hata moshi haumshiki. Nani Busia atanunua kitu kile?

Na kwenu huko ng'ambo ya mpaka, ukoo wenu hauli kamongo. Mnamwita dada yenu. Hilo Senge Auma, shangazi yetu, hakulisahau tangu siku ulipoolewa. Akawa ananong'ona: asiyekula samaki ana kazi gani karibu na migono? Lakini Senge alinong'ona tu. Mimi ndiye niliyesimama uani kwa baba, watu wa ukoo wamekaa, nikasema kwa sauti: "Tangu mama huyu aanze kukata mafunjo pale, samaki wanakufa." Nilidhani nasema nilichokiona kwa macho. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na panga lako la mafunjo. Ukaniuliza, "Shemeji, umeniona nikifanya nini?" Nikasema nimeona samaki waliokufa. "Basi umeona samaki," ukasema, ukaenda zako.

Tangu siku ile hukupita tena upande ule. Ulizunguka njia ya kilimani, mwendo mrefu, mafunjo mabichi kichwani yakikudondokea maji mgongoni. Na mimi uliendelea kuniletea chakula! Siku kamongo aliponing'ata kidole karibu akitoe, wewe ndiye uliyekifunga kwa kitambaa, na ulipomaliza ukaniambia, "Dada yangu amenilipizia." Nilicheka huku nalia kwa maumivu. Nabwire, ni kwa nini sikukuomba msamaha palepale? Kidole mikononi mwako, wewe unacheka. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Sikuingia.

Homa ilipokuchukua, tulipokwisha kukuzika, nilijidanganya kwamba lile neno nalo limezikwa. Halikuzikwa. Wanawake wa pale wanakoanikia dagaa wetu wa omena wakaanza kuwaita mabinti zao kando wakimwona Taaka anakuja. Hawakumtukana. Waliwaita tu. Siku moja nilikuwa natoka Khunyangu sokoni, nikamkuta mtoto kwenye njia yako ya kilimani, mzigo kichwani, anazunguka. Hakuna aliyemfukuza kule chini, aliamua mwenyewe kwa kuona macho ya watu. Aliniamkia vizuri. Nikajua lile neno langu sasa limepata kiti kingine cha kukalia.

Hapo ndipo Mungu alipomleta Bwana Samaki.

Huyu hukumwona. Ni kijana wa serikali, Mteso wa kule Malaba, mpole, suruali yake fupi ina mifuko mingi. Alikuja na rula, mizani na daftari, akawa anapima urefu wa kila samaki anayeshushwa. Tulimcheka sana. Watu walimwuliza kama anawashonea wale samaki ngege kanzu. Yeye anacheka nao, anapima. Siku moja akanunua kamongo wangu, akampasua juu ya jani la mgomba, akaniita. Tumboni mlikuwa na maganda ya konokono yaliyovunjwavunjwa, kama mtu aliyekula njugu. Kisha akavuta mifuko miwili mirefu, myekundu, iliyolala kando ya uti wa mgongo. "Mzee, wewe umechinja mbuzi. Hiki ni nini?"

Nikasema mapafu. Nikasikia aibu, nikadhani nimesema upuuzi. Akasema, "Ni mapafu. Huyu huja juu kuvuta hewa."

Nabwire, ile sauti! Tangu utoto tunamsikia kamongo akitoa mdomo juu ya maji, sauti kama ya mzee anayenywa chai ya moto. Baba alituambia anachungulia kama watu wamekwenda. Miaka arobaini namsikia mtu akipumua na sikujua kwamba anapumua.

Basi nikamweleza kijana habari za migono, nikingoja aniambie sababu. Akasema, "Sijui." Mtu wa serikali, ana daftari, anasema sijui! Kisha akaniuliza mimi, "Wewe unadhani nini?"

Nikaenda zangu na swali lake. Lakini kesho yake, nikiwa nafuma mgono mpya kivulini, mikono inafanya kazi na kichwa hakina kazi, nikawaza juu ya vigingi. Unajua desturi yetu. Kigingi cha mgono mtu hurithi kwa babake. Ukikihamisha umeiacha sehemu yako, atakuja mwingine aichukue. Kwa hiyo ziwa lilipopanda hakuna aliyehamisha. Tuliendelea kufunga migono kwenye vigingi vya baba zetu, palepale, kwa heshima yote. Wakati wa baba mgono ulisimama kichwa nje ya maji. Sasa maji yananifika kifuani na mgono wote uko chini. Nikauacha ule niliokuwa nafuma. Ni kama kumfunga mbuzi ndani ya kisima.

Nilimkimbilia Bwana Samaki nikipiga kelele kwamba nimejua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hilo ni wazo zuri, mzee. Bado hujajua." Nilikasirika! Akasema tuweke migono iliyo sawa kwa kila kitu, ila kitu kimoja tu kitofautiane: hii ipate hewa, hii isipate. Nilikwenda kwanza kwa mchungaji, maana moyo ulinisuta, nikamwuliza kama kupima hivi si kumjaribu Mungu. Akasema, "Ouma, Mungu ndiye usimjaribu. Samaki mjaribu tu."

Nikaacha migono minne kwenye vigingi vya baba, minne nikaiweka kwenye maji mafupi palipokuwa na mihogo. Asubuhi tatu mfululizo: wa vigingini wamekufa, wa mihogoni wazima, wananitolea meno. Nilishangilia. Nilianza hata kuimba. Senge Auma akaja, akaangalia, akatema mate pembeni. "Kwenye mihogo mke wa Wandera hakuwahi kukanyaga. Alikanyaga kwenye mafunjo. Wa mafunjoni ndio wanaokufa. Umenionyesha nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini Bwana Samaki alikuwa ameshafungua daftari, anaandika maneno yake. Akasema, "Huyu mama anauliza vizuri kuliko mimi na wewe." Senge akavimba kwa fahari, hata akasahau kununa. Ikabidi tuanze upya. Tukachukua kamongo wazima wawili, tukaenda palepale ulipokuwa ukikata, kigingi kimoja, mmoja ndani ya mgono uliozama, mwingine ndani ya mgono tuliouinua kichwa nje kidogo. Tuliwaweka baada ya chai ya asubuhi. Kufika mchana, wa chini amekufa, wa juu mzima. Senge akasema wa chini labda alikuwa mgonjwa. Bwana Samaki akaandika. Tukarudia. Senge akasema labda ule mgono una lake jambo. Tukabadilisha migono. Mimi nilikuwa nimechoka, lakini nikaona kitu: kila alipokataa, kazi yetu ilizidi kuwa imara, kama mgono unaobanwa ufito mmoja baada ya mwingine.

Siku ya mwisho nikamwambia, "Senge, chagua mwenyewe." Watu walikuwa wengi, hata wanawake wa omena waliacha kazi. Senge aliinama juu ya beseni akawatazama kamongo wawili kama anachagua mkwe. Akamtoa mkubwa, mkali, aliyeng'ata fimbo akaipasua. "Huyu aende chini." Yule mdogo mnyonge akawekwa juu. Senge alikaa ukingoni mwa mtumbwi uliopinduliwa, hakuondoka hata kula. Jua lilipogeuka tukainua. Mkubwa alikuwa amekufa, hana jeraha hata moja. Mdogo alinirushia maji usoni.

Senge akamgeuza yule mkubwa kwa mkono wake mwenyewe, akambonyeza, akamfungua mdomo. Kisha akasema taratibu, "Tulimwonea mtoto wa watu."

Nikajua wakati wangu umefika. Jumamosi iliyofuata niliwaita watu uani kwa baba, walewale, nikasimama palepale. Nikasema mimi ndiye niliyesema lile neno, sikuona kitu, niliona vitu viwili vikija pamoja nikasema kimoja kimemleta mwenzake. Kumbe vyote vilikuja na maji. Nikasema jina lako mara tatu ili wasikie. Wandera alifunika uso. Taaka alikuwa amesimama mlangoni, nami sikuweza kumwangalia sana.

Kigingi cha baba nimekihamisha, mimi wa kwanza. Mzee mmoja alinipigia kelele, "Umemhamisha baba yako!" Nikamjibu kwamba baba alipenda kamongo hai. Sasa wengine wanahamisha, na wamekubaliana kila mtu afuate mstari wake wa zamani, asiingilie wa jirani. Kamongo wazima wamerudi. Tunaanza tena kupeleka Busia, na watu wa kwenu wananunua, wale ambao si wa ukoo wako.

Taaka anapita njia ya chini. Mabinti wanamwita wao wenyewe siku hizi. Bwana Samaki amempa daftari, na jioni jioni tunakaa mimi na yeye kando ya mafunjo tukisikiliza kamongo wakipumua. Yeye anaandika. Tunataka kujua kama siku ya jua kali wanakuja juu mara nyingi kuliko siku ya mawingu. Mimi nasema ndiyo, yeye anasema tungoje. Nakuambia, nina furaha ambayo sikuitegemea katika umri huu. Nilisali miaka yote nikimshukuru Mungu kwa samaki bila kuwatazama.

Jumamosi ijayo navuka mpaka kwenda kwa mama yako. Najua ile habari mbaya juu yako ilifika huko, na mimi ndiye niliyeituma. Nitamweleza yote kwa mdomo wangu, nitampasulia hata samaki akitaka, nitakaa mpaka aridhike. Hiyo ni ahadi. Na ya pili: sitasema tena juu ya mtu kitu ambacho sikukiona, hata kama ukoo mzima umekaa unangoja nifungue mdomo.

Lala salama, shemeji yangu. Watu wote wa hapa nimekwisha kuwaomba msamaha, na wameitikia. Uliyebaki ni wewe. Sina haraka na mambo mengi, lakini hili, tafadhali, nijibu upesi.

Ni mimi shemeji yako,
Ouma